Barua ya wazi: Shilingi ya ziada ya mkopaji ipunguze deni siku ile ile inapoingia

Kwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya
Kwa Waziri wa Ardhi, Ujenzi, Nyumba na Ustawi wa Miji
Nakala kwa wakuu wa benki na Sacco zinazotoa mikopo ya nyumba

Mheshimiwa Gavana, Mheshimiwa Waziri,

Tunawaandikia kuhusu jambo linaloonekana dogo katika vitabu vya benki, lakini kwa mnunuzi wa nyumba ya kwanza linaweza kuwa na thamani ya zaidi ya Sh1.7 milioni. Mkopaji akileta pesa za ziada ili amalize mkopo mapema, benki inaziandika wapi, na kwa tarehe gani?

Kazi yetu ni kuwasaidia wanunuzi kusoma mikataba ya mikopo na taarifa za akaunti. Wengi wao wanafika wakiwa na nia njema kabisa: bonasi ya mwisho wa mwaka, mgao wa Sacco, au zamu yao ya chama, yote wanataka yaingie kwenye nyumba. Dawa ya deni kulipa, na hawa wako tayari kulipa hata kabla ya kudaiwa. Kinachowakwamisha ni utaratibu, na huo uko mikononi mwenu.

Tuchukue mkopo wa kawaida wa mjini: Sh5 milioni, riba ya asilimia 14 kwa mwaka kwa salio linalopungua, miaka 20. Malipo ya kila mwezi ni Sh62,176. Katika malipo ya kwanza, Sh58,333 zinakwenda kwenye riba, na deni la msingi, yaani pesa zenyewe alizokopa, linapungua kwa Sh3,843 tu. Baada ya miaka mitatu mkopaji ameshatoa Sh2.24 milioni, lakini salio lake ni Sh4,829,296. Yaani amepunguza Sh170,704. Wengi wanapoona taarifa hiyo hudhani benki imekosea hesabu. Haijakosea. Ndivyo mkopo mrefu wenye riba kubwa unavyokwenda: miaka ya mwanzo ni kuteka maji kwa pakacha, na ndiyo sababu pesa za ziada zina nguvu kubwa mwanzoni kuliko mwishoni.

Sasa mkopaji huyo, mwisho wa mwaka wa tatu, analeta Sh300,000. Kuna njia tatu ambazo pesa hizo zinaweza kuandikwa.

Njia ya kwanza, zinapunguza deni la msingi siku ile ile, malipo ya mwezi yanabaki Sh62,176, na muda wa mkopo unafupishwa. Salio linakuwa Sh4,529,296, na miezi iliyobaki inashuka kutoka 204 hadi 164. Riba anayookoa ni takriban Sh2.2 milioni. Njia ya pili, deni linapungua vilevile, lakini mfumo wa benki unabakiza muda ule ule wa miezi 204 na kushusha malipo ya mwezi hadi Sh58,314. Hapo anaokoa takriban Sh488,000. Njia ya tatu ndiyo inayotusumbua zaidi: pesa zinakaa kwenye akaunti ya kawaida au akaunti ya kusubiria, kisha benki inazikata moja moja kama malipo ya miezi ijayo. Sh300,000 zinatosha malipo manne na sehemu ya la tano. Kwa miezi hiyo mkopaji anadhani deni lake limeshuka kwa laki tatu, kumbe riba inaendelea kuhesabiwa kwa salio lile lile, kana kwamba hajaleta chochote.

Pesa ni zile zile, mkopaji ni yule yule, tarehe ni ile ile. Kati ya njia ya kwanza na ya pili pekee tofauti inapita Sh1.7 milioni, na mara nyingi anayeamua ni mpangilio wa kompyuta ambao mkopaji hakuwahi kuulizwa kuuhusu.

Hatusemi njia ya pili ni mbaya. Mtu ambaye kipato chake kinapanda na kushuka, kwa mfano anayeishi kwa kandarasi, anaweza kufurahia kupumua kila mwezi kuliko kufupisha muda. Ni uamuzi wake. Njia ya tatu haina wa kuitetea, isipokuwa mkopaji mwenyewe ameomba kwa maandishi alipiwe miezi ijayo kwa sababu anajua mshahara utakatika.

Makosa huanzia pale pesa zinapoingilia. Nambari ya paybill ambayo mteja anapewa mara nyingi inaelekea akaunti yake ya kawaida, si akaunti ya mkopo. Pesa zinatua hapo na kusubiri tarehe ya kukatwa. M-Pesa nayo ina kikomo cha Sh250,000 kwa muamala mmoja, hivyo Sh300,000 zinaingia vipande viwili, pengine siku mbili tofauti, na anayezishughulikia tawini anaona amana mbili za kawaida tu. Akitumia Pesalink, huduma ya kutuma pesa kutoka benki moja hadi nyingine, sehemu ya maelezo ni fupi na mara nyingi haifiki kwa idara ya mikopo. Pesa zilizoingia tarehe 3 zikasubiri hadi tarehe 28 ndipo ziguse mkopo zimempotezea mkopaji siku 25, na kwa Sh300,000 hiyo ni riba ya karibu Sh2,877. Si kiasi cha kumfilisi mtu. Ila kwa mkopaji anayeongeza kidogo kidogo kila mwezi kwa miaka kumi, ni wizi wa taratibu ambao hata aliyeufanya hajui.

Na hao wanaoongeza kidogo kidogo ndio wanaostahili kusaidiwa kwanza, kwa sababu njia yao ndiyo yenye faida zaidi. Katika mkopo ule ule wa Sh5 milioni, mtu anayeongeza Sh10,000 kila mwezi tangu mwezi wa kwanza, na pesa hizo zikaenda moja kwa moja kwenye deni la msingi, anamaliza kwa miezi 143 badala ya 240. Hiyo ni chini kidogo ya miaka 12. Anaokoa takriban Sh4.6 milioni za riba. Ukweli ni kwamba ili afanye hivyo leo, katika taasisi nyingi, analazimika kuandika barua kila mara, au kufika tawini, au kusubiri hadi atimize kiwango cha chini ambacho benki imejiwekea. Agizo la kukata pesa kila mwezi kutoka akaunti ya mshahara lingeweza kufanya kazi hiyo bila mtu yeyote kusimama kwenye foleni, mradi tu lielekezwe kwenye deni la msingi.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza kwako, Gavana, ni agizo fupi kwa taasisi zote zinazotoa mikopo ya nyumba. Pesa yoyote inayozidi malipo ya mwezi, kama mkopaji hana malimbikizo, ihesabiwe kama upunguzaji wa deni la msingi kwa tarehe iliyoingia. Mkopaji achague mara moja, kwenye fomu ya mkopo, kama anataka kufupisha muda au kushusha malipo, na aruhusiwe kubadili uamuzi wake baadaye. Asipochagua, muda ufupishwe. Ndani ya siku saba apate ratiba mpya inayoonyesha salio, malipo na mwezi wa mwisho.

Mpaka agizo hilo litoke, tunawashauri wakopaji wasilipe pesa za ziada bila maandishi. Barua pepe kwa meneja wa uhusiano, nakala kwa idara ya mikopo, kabla pesa hazijatumwa, na maneno yawe ya wazi: “Tafadhali tumieni Sh300,000 nilizotuma leo kupunguza deni la msingi la mkopo nambari fulani. Malipo ya kila mwezi yabaki Sh62,176. Muda wa mkopo ufupishwe. Nitumieni ratiba mpya.” Taarifa ya mwezi unaofuata ikija, atazame mstari mmoja tu: riba ya mwezi huo. Ikiwa ilikuwa Sh56,342 na sasa ni karibu Sh52,842, pesa zimefika. Ikiwa haijasogea, pesa zimekaa mahali.

Kuna tahadhari ambayo hata wanaojua hesabu huisahau. Pesa iliyoingia kwenye deni la msingi haitoki tena. Mkopaji aliyelipa laki tatu za ziada Januari, akapoteza kazi Aprili na kukosa malipo mawili, anahesabiwa amevunja mkataba sawa na mwenzake ambaye hakuongeza hata shilingi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012 mkopaji akikaa mwezi mmoja bila kutimiza wajibu, benki inayoshikilia rehani inaweza kumpa notisi, na ratiba ya miezi mitatu kuelekea mnada inaanza kuhesabika. Ndiyo sababu hatumshauri mtu aongeze malipo kabla hajaweka akiba ya angalau miezi minne hadi sita ya malipo yenyewe. Tungependa pia benki ziruhusu aliyetangulia kulipa asimamishe malipo kwa miezi kadhaa, hadi kiasi alichokwisha kuongeza, bila kuhesabiwa ameshindwa. Mtu aliyeonyesha nidhamu ya namna hiyo ndiye wa kuaminiwa zaidi. Leo anatendewa kama mgeni.

Suala la riba inayobadilika linahitaji nafasi yake. Riba ya Benki Kuu ilipanda hadi asilimia 13 Februari 2024, kisha ikaanza kushuka Agosti mwaka huo na kufika asilimia 9.25 Oktoba 2025. Utaratibu mpya wa Kesonia, unaopanga riba za mikopo kwa kufuata wastani wa riba ambayo benki hukopeshana kwa usiku mmoja, na ulioanza kwa mikopo mipya mwaka 2025, umefanya iwe rahisi kwa mtu wa kawaida kujua riba yake imetoka wapi, na kwa hilo tunaishukuru Benki Kuu bila masharti. Ila kila riba inapogeuka, swali la malipo au muda linarudi palepale.

Ikipanda huku malipo yakibaki yale yale, hatari ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Mkopo wetu wa mfano, baada ya miaka mitatu, riba ikifika asilimia 15.5, riba ya mwezi mmoja inakuwa Sh62,378. Malipo ni Sh62,176. Mkopaji analipa kila mwezi bila kukosa na deni linakua. Benki isiyomwambia hilo kwa lugha nyepesi inamdanganya kwa kunyamaza. Kifungu cha 84 cha Sheria ya Ardhi kinadai notisi ya maandishi ya angalau siku 30 kabla ya riba kubadilishwa, na kiwango kipya kielezwe kwa namna inayoeleweka. Ujumbe mfupi wa simu unaosema “riba yako imerekebishwa” haujafika hapo. Notisi ya kweli ingetaja riba mpya, malipo mapya, na mwezi ambao mkopo utaisha.

Riba ikishuka, kuna nafasi ambayo wengi wanaiacha ipite. Kwa salio la Sh4,829,296, riba ikitoka asilimia 14 hadi 12.5, malipo ya mwezi kwa muda ule ule yanashuka hadi Sh57,214. Mkopaji akiomba malipo yabaki Sh62,176, anamaliza kwa miezi 160 badala ya 204. Hakuongeza hata senti moja juu ya alichozoea kutoa, na amekata miaka mitatu na miezi minane. Tungetaka chaguo hilo liwe kwenye notisi yenyewe, kisanduku cha kutia alama, kwa sababu baada ya miezi miwili pesa zilizopungua zimeshapata matumizi mengine.

Si kila mtu anafaa kukimbilia kumaliza, na tungekuwa tunapotosha tusiposema hivyo. Februari 2024 hati fungani ya miundombinu ya serikali ilitoa riba ya zaidi ya asilimia 18 bila kodi kwa miaka minane na nusu. Mwenye mkopo wa asilimia 14 aliyenunua hati hiyo alifanya hesabu bora kuliko aliyelipa deni. Vivyo hivyo waliopata mikopo ya riba isiyobadilika, chini ya asilimia 10, kupitia fedha za Kampuni ya Kenya ya Ufadhili wa Mikopo ya Nyumba, KMRC: hawa hawana haraka. Na upo unafuu wa kodi. Tangu mwisho wa Desemba 2024 mkopaji anayeishi katika nyumba yake anaweza kuondoa hadi Sh360,000 za riba kwa mwaka kwenye mapato yanayotozwa kodi. Watu huogopa kwamba wakilipa mapema wataupoteza unafuu huo. Katika mfano wetu hawapotezi kitu hadi salio lishuke chini ya Sh2.57 milioni, kwa sababu kabla ya hapo riba ya mwezi inapita Sh30,000, na kinachozidi hakiwapi unafuu wowote.

Sasa ada za kumaliza mapema. Kifungu cha 85 cha Sheria ya Ardhi kinampa mkopaji haki ya kuondoa rehani akishalipa kila anachodaiwa, na kinafanya batili makubaliano yanayomnyima haki hiyo. Mkataba unaruhusiwa kudai notisi ya mwezi mmoja au riba isiyozidi ya mwezi mmoja kwa anayemaliza kabla ya muda. Kwa salio la Sh4,529,296, riba ya mwezi ni Sh52,842. Mkataba unaodai asilimia mbili ya salio unachukua Sh90,586. Tunaomba Benki Kuu ipitie mikataba ya mikopo ya nyumba inayotumika sasa na kulinganisha ada hizo na kifungu hicho, kifungu kwa kifungu. Mkopaji wa kawaida hawezi kuipeleka benki mahakamani kwa sababu ya Sh38,000, na kila upande unalijua hilo.

Tunakubali hoja ya benki kwa mikopo ya riba isiyobadilika: fedha zimefungwa kwa bei fulani, na mteja akitoka mapema benki inaweza kubaki na hasara. Kwa mkopo wa riba inayobadilika hoja hiyo haina miguu. Pesa zikirudi leo zinakopeshwa kesho kwa riba ya kesho. Kwa nini basi upunguzaji wa sehemu ya deni utozwe ada yoyote?

Mheshimiwa Waziri, sehemu ya mwisho ya safari inakuhusu wewe. Mkopaji anayemaliza anaomba barua ya salio la kumalizia. Kwa salio tulilolitaja, kila siku inayopita inaongeza riba ya Sh1,737, kwa hiyo barua inayochukua wiki tatu inamgharimu zaidi ya Sh36,000. Barua ikija, mara nyingi inataja kiasi cha tarehe iliyoandikwa na si cha tarehe ya kulipa. Mtu analipa kiasi kilichoandikwa, anasherehekea, na nyuma yake kunabaki Sh6,000 au Sh7,000 za riba ya siku ambazo hazikuhesabiwa. Salio hilo linaendelea kuzaa. Miezi kadhaa baadaye anakuta jina lake CRB, kwenye rekodi za wasiolipa mikopo, kwa deni aliloamini ameshalizika. Barua ya salio itaje kiasi cha siku, tarehe ya mwisho ya uhalali wake, na akaunti kamili ya kulipia, na itolewe ndani ya siku tano za kazi.

Kisha inakuja hati ya kuondoa rehani. Wakili wa benki anaiandaa, gharama ni ya mkopaji, maafisa wa benki wanaitia saini, halafu inasajiliwa kwenye ofisi ya ardhi. Hapa ndipo watu hulegea, kwa sababu benki imewapa hatimiliki mkononi na wanaona mambo yamekwisha. Hayajaisha. Hadi usajili ufanyike, rehani bado imeandikwa kwenye rejista, na itajitokeza siku mtoto anapotaka kurithi au mnunuzi anapofanya upekuzi. Tangu Ardhisasa, mfumo wa mtandao wa huduma za ardhi, izinduliwe Nairobi Aprili 2021 tumekuwa tukitarajia hatua hii iwe ya siku chache. Benki tayari ina taarifa zote: nambari ya kipande, nambari ya rehani, tarehe ya malipo ya mwisho. Hakuna sababu ya mkopaji kubeba makaratasi kutoka dirisha moja hadi jingine ili kuthibitisha jambo ambalo mdai mwenyewe amekwisha kulikiri.

Tunaomba benki ilazimike kuwasilisha hati hiyo kwa njia ya mtandao ndani ya siku 14 baada ya salio kufika sufuri, na Ardhisasa imtumie mwenye nyumba ujumbe rehani inapofutwa. Kwa walionunua nyumba za ghorofa ambazo bado hazijahamishiwa kwenye hatimiliki za kila nyumba chini ya Sheria ya Umiliki wa Nyumba za Ghorofa ya 2020, utaratibu wao ushughulikiwe kwanza, kwa kuwa hawa wanaweza kumaliza deni na wakabaki bila hati yenye jina lao.

Kuna pia rehani za zamani, zilizolipwa miaka mingi iliyopita, ambazo bado zimo kwenye rejista kwa sababu benki iliyotoa mkopo iliungana na nyingine au faili lilipotea. Ofisi za ardhi na Benki Kuu zikikaa pamoja, orodha ya hizo inaweza kutoka kwa benki zenyewe. Tungependa kuanzia na kaunti za Nairobi, Kiambu, Mombasa na Nakuru. Tuko tayari kuleta hesabu zote tulizozitumia hapa pamoja na fomu ya ukurasa mmoja tuliyoiandaa, siku yoyote ambayo ofisi zenu zitatupangia.

Wenu,
Washauri wa wanunuzi wa nyumba ya kwanza, Nairobi